Chumba cha Aktosh

Bishkek, 24 Juni 1999

Dada yangu Uulkan,

Salamu kwako, kwa shemeji Kydyr na kwa mpwa wangu Ularbek. Sisi wazima. Barua hii analeta Bakas, yule dereva wa lori la maziwa, kwa sababu posta ya huko kwenu nasikia siku hizi hufunguliwa mwenye funguo akiwa na hamu.

Nakuarifu kwamba mwezi ujao tunapanda Suusamyr kupiga kambi, mimi, mke wangu Jibek na Meerim. Mtoto ana miaka tisa na hajawahi kulala bila ukuta pembeni yake, nimeona ni aibu kwa ukoo wetu. Usihangaike na chochote. Nina hema langu jipya la watu wanne, zito kilo sita na nusu tu, nimelijaribu uani na linasimama kabla chai haijapoa. Jiko la gesi ninalo. Sisi tutakaa chini mtoni, ninyi mko kwenye hema lenu la sufu kule juu, kila mtu na lake.

Wa nne wetu ni mbwa. Usicheke. Anaitwa Aktosh, mweusi mwili mzima na kifua cheupe, na Meerim hali mpaka yeye ale. Nilimpandisha kwenye mizani ya karakana akafika kilo arobaini na mbili. Mbwa wenu wa kondoo ukiwapandisha wawili pamoja hawafiki hapo. Kwa hiyo naomba muwafunge, wasije wakamrukia kwa wivu.

Sasa lile la shemeji. Uulkan, nimeshakujibu mara moja na sipendi kujibu mara mbili. Nyumba yangu haina nafasi. Watu wanaona milango ya chuma ya Jolchu kila mtaa wa mji huu, wanadhani Jolchu analala kwenye jumba la mfalme. Nilianza na mashine ya kuchomelea ya kukodi, nikila mkate na kitunguu, na hakuna aliyeniuliza nimelala wapi. Leo nina mafundi kumi na mmoja, na kila ndugu ana kikohozi. Chumba cha pembeni unachokikumbuka kimejaa mali ya kazi. Asingeweza hata kugeuka.

Tukija tusilirudie jambo hilo mbele ya Jibek.

Kaka yako,
Jolchu

*

Suusamyr, 2 Julai 1999

Kaka Jolchu,

Karibuni sana. Hema lako liwe na kilo ngapi, mtakula kwetu. Kydyr ameshachagua kondoo. Anasema shemeji yake hawezi kuja kula nyama ya kopo kando ya mto wetu kama mpima ardhi.

Mbwa tutawafunga. Ular alicheka sana uliposema wana wivu.

Hukutaka nilirudie mbele ya Jibek, basi nalirudia hapa ambapo Jibek hayupo. Kydyr hana kifua cha kuambukiza. Lile ni vumbi la mgodi, miaka ile yote aliyokaa chini ya ardhi, na daktari ameandika hivyo kwa mkono wake. Dawa yake anavutishwa kwa mashine kila asubuhi pale hospitalini, na vitanda hawana, wanataka mgonjwa atoke nyumbani aende na kurudi. Kutoka hapa mpaka hospitali ni mlima mzima na handaki. Baridi ikianza barabara inafungwa. Sikuombi chakula, nitatuma unga na nyama. Sikuombi hata kitanda. Naomba nafasi ya kutandika godoro kati ya hizo mali zako za kazi, kuanzia Oktoba mpaka theluji iyeyuke. Mtu mwenyewe amekonda, kugeuka kwake hakuhitaji nafasi kubwa.

Ukishindwa, usiniandikie. Njoo tu tule kondoo.

Dada yako,
Uulkan

*

Bishkek, 21 Julai 1999

Uulkan,

Nimefika nyumbani nikiwa na mtoto aliyelia kutoka kambini mpaka mlangoni, hata ndani ya handaki alikuwa analia, na sauti yake ikawa inarudi kutoka kwenye kuta kana kwamba nimebeba watoto darasa zima. Sikupanda milima kwa ajili ya hilo.

Najua desturi, usinifundishe. Mpwa akimwomba kaka wa mama yake, hanyimwi, mara tatu katika maisha. Sawa. Watu wenye heshima huomba ndama. Huomba saa. Ularbek mara ya kwanza aliniomba tandiko la farasi, akiwa mdogo, nikampa, tena lenye shaba. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa, ana ndevu, anasimama mbele ya majirani wote, mdomo unang'aa mafuta ya kondoo, halafu nini?

"Mjomba, naomba mara ya pili."

Nami kama mjinga nikamjibu, "Omba, mpwa wangu! Mjomba wako hajafilisika!" Nilidhani anataka darubini yangu. Alikuwa ameishika mchana kutwa.

"Naomba mbwa."

Nikakutazama umkanye mwanao, ukawa unakoroga moto ambao haukuhitaji kukorogwa. Nikamwambia, "Omba kingine, Ular, huyu ni wa mtoto." Na yule mzee jirani yenu mwenye jicho moja, ambaye hakuna aliyemwita kwenye maneno yetu, akapaza sauti: "Haa! Tajiri wa mjini anamnyima mpwa mbwa! Angeombwa farasi si angezimia?" Wakacheka wote, hata watoto.

Ningefanya nini? Nikampa. Lakini nataka uniambie ukweli. Mnalala na mbwa sita pale, mnamtaka wa saba wa nini, tena asiyejua kondoo ni nini? Ni kunikomoa tu. Mtu akipanda juu kwa jasho lake, nyinyi ndugu kazi yenu ni kumvuta suruali.

Hii ndiyo hesabu yangu. Mrudishe Aktosh kwa lori la Bakas, nami nitampa Ularbek mbuzi wawili na darubini ileile. Afute na lile ombi, libaki kama hakuwahi kuomba. Huwezi kupata mapatano mazuri zaidi ya hayo.

Jolchu

*

Suusamyr, 29 Julai 1999

Kaka,

Umeniomba ukweli. Ngoja nikuambie kilichotokea ulipokuwa umeshuka mtoni kuchukua zile soda zako ulizozamisha zipoe.

Mimi, Kydyr, Ular na mkeo tulikuwa mezani. Meerim alikuwa anamlisha Aktosh mafuta ya mkia, na Kydyr akamwambia kwa utani, "Mlishe, mlishe, usiku huu huku juu kuna baridi, atalala nje na wenzake."

Mtoto akashtuka. "Aktosh halali nje, Baba Ular! Ana chumba chake."

"Chumba gani?"

"Cha pembeni. Baba alimvutia bomba la joto, na dirisha akalishusha ili awe anaona barabara."

Mkeo akasema, "Kula nyama, Meerim."

Lakini Kydyr alishaanza kucheka. Unamjua, hana kinyongo. Akamwuliza, "Na pazia mwenzetu analo?"

"Analo," mtoto akajibu. "La bluu. Nilichagua mimi."

Kydyr alicheka mpaka akaanza kukohoa, akakohoa mpaka Ular akamshika mabega kutoka nyuma, na kitambaa kilipotoka mdomoni kilikuwa na rangi ambayo sitaiandika. Hapo ndipo ulipotokea na soda zako, umejaa furaha, unauliza, "Nani ana kiu?"

Kwa hiyo kaka, Ular hakuhitaji mbwa. Alihitaji chumba. Chumba si kitu cha mpwa kuomba akabeba begani, basi akaomba kilichokuwemo. Ulisema hakuna nafasi, tukakusaidia kuipata. Mali yako ya kazi iko huku, inakula vizuri, imeshajua njia ya kwenda kwenye hema letu. Usiku Kydyr akikohoa huwa inapita chini ya pazia la mlango na kumlalia miguuni. Nilikuwa naifukuza, sisi mbwa hatumwingizi ndani, lakini Kydyr amesema niiache.

Mbuzi wako baki nao. Niandikie tu neno moja, kwamba Kydyr ashuke mwezi wa kumi. Nami nitamwambia Ular amrudishe Aktosh siku hiyohiyo, kwenye lori hilohilo, wakae wote wawili. Chumba kina bomba la joto.

Uulkan

*

Bishkek, 10 Agosti 1999

Uulkan,

Hivyo ndivyo ulivyonipangia, ukiwa umekaa kimya unakoroga moto.

Nina haki ya kumweka ninayemtaka katika chumba nilichojenga kwa mikono yangu. Sikumnyang'anya mtu. Mbwa anabweka usiku mwizi akija kwenye karakana, shemeji angebweka? Wateja wangu hupita uani. Mteja akisikia kikohozi kile nyuma ya ukuta, hataki kujua ni vumbi au ni nini, anakwenda kununua mlango kwa mwingine. Nimejenga jina langu bamba kwa bamba, na sitaliuza kwa huruma.

Lakini kwa vile umeniita mwongo, nimehakikisha si mwongo. Juzi nimeletewa mabamba ya chuma mia na ishirini, na nimeyaweka yote katika chumba cha pembeni, kutoka sakafuni mpaka kwenye kizingiti cha dirisha. Sasa hakina nafasi. Ukitaka njoo upime.

Na mbwa simtaki tena. Meerim nimemwambia Aktosh amepata kazi ya kuchunga kondoo, ataizoea. Ni wenu, mliomba mkapewa. Mfungeni, mfungueni, mchuneni mshone kofia, mimi sitauliza. Naomba na nyinyi msiniulize tena habari ya chumba.

Meerim amechora picha, naiambatanisha. Kile kikubwa cheusi ni mbwa. Yule mwembamba aliyekaa pembeni yake nadhani ni Kydyr.

Jolchu

*

Suusamyr, 3 Septemba 1999

Kaka,

Tumeipata barua na picha. Picha tumeitundika.

Kuhusu Aktosh, tumefanya kama ulivyosema, hivyo hatuna deni la maneno. Mwambie Meerim kwamba hasikii njaa wala baridi, na kwamba hajatoka nje ya nyumba yetu. Wiki ya mwisho ya mwezi huu tutashuka kijijini, yeye tutashuka naye.

Kydyr amekonda zaidi. Hukuuliza, nimekuandikia tu.

Uulkan

*

Bishkek, 20 Oktoba 1999

Dada yangu mpendwa Uulkan,

Natumaini mlishuka salama. Mimi nakuandikia nikiwa sina usingizi.

Meerim anaumwa. Yalianza mafua ya kawaida baada ya shule kufunguliwa, yakashuka kifuani, yakakataa kutoka. Daktari amemchoma sindano kumi, anasema mapafu yamechoka na mwili hauna akiba. Amepungua kilo tano, Uulkan. Kwa mtoto wa kilo ishirini na nane, piga hesabu mwenyewe. Hali. Ananiambia alikuwa anakula kwa sababu ya kumwonyesha Aktosh. Nikimwambia nitamletea mbwa mwingine, anageukia ukuta.

Mama mkwe wangu, ambaye unajua hatusikilizani, anasema dawa ya kifua kama hiki ni mafuta ya nyegere, kijiko ndani ya maziwa ya moto. Nimekwenda sokoni. Wezi watupu. Nimenunua chupa kwa watu watatu tofauti, nikaziweka kwenye baridi, zote zikaganda nyeupe kama mafuta ya mkia wa kondoo. Nikamrudia mmoja, akaniambia, "Mzee, nyegere wangu alikuwa anakula kondoo." Mtoto wangu anakufa, na yeye anataka tucheke.

Nyinyi huko mnaishi na wawindaji. Mnajua kipi ni kipi. Nakuomba, na unajua si kawaida yangu kuomba, nitumie mafuta ya kweli, yasiyochanganywa. Bakas atapita Ijumaa.

Yaliyopita tuyaache yalipo. Huyu ni damu yako.

Kaka yako,
Jolchu

*

Kijijini, 29 Oktoba 1999

Kaka,

Bakas amebeba chupa moja ya lita. Nimeifunga kwa sufu isivunjike.

Mpe kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, ndani ya maziwa ya moto, na uchanganye chumvi kidogo kwa sababu harufu yake ni nzito. Mwanzoni atatapika. Usimwonee huruma, mpe tena. Mgongo na kifua mpake usiku. Sindano za daktari zisiachwe.

Yameyeyushwa kwa moto mdogo na nimeyachuja mwenyewe mara mbili. Hakuna tone la kondoo wala la nyegere wa wezi wa sokoni. Mnyama alikuwa mnene, kijana, hakuwahi kulala na njaa. Hutapata safi kuliko haya katika nchi nzima.

Nilikuwa na chupa mbili. Moja nimebaki nayo, kwa mgonjwa wangu.

Nilipoipakia, Kydyr alitoka nje kwa magongo, akasimama kwenye baridi mpaka lori lilipoondoka.

Uulkan

*

Bishkek, 24 Novemba 1999

Dada yangu Uulkan,

Mungu akulipe. Mimi nimejaribu kufikiri nitakulipaje nikashindwa, na unajua hesabu hainishindi kirahisi.

Siku za kwanza alitapika kama ulivyosema. Nilimshika pua nikamimina. Wiki ya pili akaanza kuomba mwenyewe, sasa analamba kijiko pande zote mbili. Jana nimempima, amerudisha kilo tatu. Homa hakuna. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Daktari anasema sindano zimefanya kazi, nikamwambia, daktari, wewe sema hivyo, mimi najua kilichofanya kazi.

Chupa imekwisha. Daktari ametuonya kwamba kifua kikirudi kabla ya majira ya kuchipua hatapona upesi tena. Naomba ile ya pili. Najua umesema ni ya shemeji, lakini shemeji ni mtu mzima na amekaa na hali yake miaka, mtoto anaweza kuondoka kwa wiki. Nitakutafutia ya shemeji nyingine kwa bei yoyote, niambie tu jina la mwindaji.

Na jambo la furaha. Meerim nimemwahidi kwamba barabara ikiruhusu, mwaka mpya tutakuja kumwona Aktosh. Ameruka kitandani! Amemnunulia mkanda mpya wa shingo, wa ngozi nyekundu, na ameomba kwenye karakana tumchongee kibati chenye jina. Nimekichonga mwenyewe. Nitazungumza na Ularbek kama mwanamume na mwanamume, nadhani sasa tunaweza kusameheana.

Wako,
Jolchu

*

Kijijini, 3 Desemba 1999

Kaka Jolchu,

Usije na mkanda. Aktosh hana shingo tangu mwezi wa nane.

Barua yako ile ya mabamba, Ular aliisoma kwa sauti, baba yake amelala pale anasikiliza. Alipofika kwenye mia na ishirini, kutoka sakafuni mpaka kwenye kizingiti, alimtazama baba yake. Halafu akausoma mstari wa kofia mara mbili. "Mjomba amesema hatauliza," akaniambia. Akatoka. Aktosh alimfuata mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekuwa akimpa mifupa. Hakubweka.

Bonde zima linajua mafuta ya mbwa ndiyo dawa ya kifua, kuliko hata ya nyegere. Lakini lazima awe mnene. Mbwa wetu hawana mafuta ya kupaka hata kiatu kimoja. Wako alitoa chupa mbili za lita, zimejaa. Ulimlea vizuri na mizani yako haikudanganya.

Niliyapika kwa ajili ya Kydyr. Hukuwa umetuachia dawa nyingine. Na Kydyr akakataa. Si kwa sababu ya dini, imamu mwenyewe alikuja akamwambia mgonjwa ameruhusiwa. Alifunga mdomo kama mtoto. Nikalia, nikamtukana, nikamwambia nitammiminia akilala. Akaniambia, "Katika watu wote waliotoka Bishkek, huyu ndiye pekee aliyelala karibu na mimi. Simli." Chupa zikakaa kwenye rafu tangu wakati huo, yeye akizipa mgongo.

Kisha ukaandika kuhusu mtoto.

Ningeweza kukuambia sina. Ningeweza pia kutuma na kunyamaza milele, na nilikusudia kunyamaza. Nilimtumia Meerim kwa sababu ni damu yangu na alikuwa anakufa. Lakini sitakudanganya kwamba nilipokuwa naifunga ile chupa kwa sufu nilimfikiria yeye peke yake. Nilikufikiria na wewe, umemshika pua, unamimina.

Sasa sikiliza, maana wewe ni mtu wa mapatano. Chupa ya pili iko hapa. Kydyr hayagusi mafuta hayo, na bila ile mashine ya hospitali hafiki mwezi wa pili. Ular ana ombi moja limebaki katika maisha yake, na ameketi hapa pembeni yangu. Anasema: "Mjomba, naomba mara ya tatu. Naomba chumba." Najua chumba hakiombwi. Mkatalie kama unaweza.

Chupa itashuka na Kydyr, mikononi mwake. Kydyr asiposhuka, haishuki.

Uulkan

*

Bishkek, 11 Desemba 1999

Uulkan,

Mabamba nimeyahamishia uani, yamefunikwa na theluji. Kitanda kiko upande wa bomba la joto. Pazia ni lilelile, sikuwa na jingine.

Bakas amchukue Jumamosi kabla handaki halijafungwa. Gharama ya hospitali ni juu yangu, tusilizungumze.

Chupa usiiandike kitu juu yake. Jibek hajui. Meerim asijue kamwe, si kutoka kwako wala kwa Ularbek, hata siku ya kunizika.

Asubuhi hii ameniuliza kwa nini sinywi chai mezani pamoja naye.

Jolchu

*

Bishkek, 26 Desemba 1999

Kwa Shangazi Uulkan,

Shikamoo. Mimi ni mzima sana, nimerudi shule. Baba amesema barabara imefungwa kwa hiyo mwaka mpya hatuji, lakini Bakas ana rafiki mwenye gari la theluji na nimempa barua hii bila kumwambia Baba, kwa sababu siku hizi hapendi nikiandika habari za Aktosh.

Baba Ular yuko kwenye chumba cha Aktosh. Anapenda pazia. Kila asubuhi Baba anampeleka hospitali kwa gari, wanarudi hawaongei, lakini jana nilimwona Baba anamfunga kamba za viatu.

Mwanzoni Baba Ular alikuwa anageukia ukuta kila nikinywa dawa yangu. Nilidhani ni harufu. Nikamwambia, ukibana pua haisikiki, mimi nilizoea. Halafu nikaona anakohoa kuliko nilivyokuwa nakohoa mimi na hakuna anayempa, nikaona si haki. Nikajaza kijiko nikampelekea. Akasema hapana. Nikamwambia, "Kunywa kidogo tu, kwa ajili yangu." Hivyo ndivyo nilivyokuwa namwambia Aktosh akigoma kula. Akanitazama muda mrefu. Halafu akafungua mdomo.

Alilia, lakini Baba anasema ni mapafu.

Sasa nampa kila siku, kijiko changu kimoja na chake kimoja. Siku ya kwanza Baba alikuwa amesimama mlangoni, akatoka nje bila koti.

Shangazi, chupa hii itakwisha upesi na Baba Ular ndiyo kwanza ameanza. Nimemwambia Baba tuombe nyingine kwako, amesema hakuna tena, aliyekuwa nayo alikuwa mmoja tu. Tafadhali mwulize tena huyo mtu.

Mwambie Aktosh blanketi lake nimelitandika chini ya kitanda cha Baba Ular. Akija kulala, wote wawili watatosha.

Mimi,
Meerim